Saladi za mfukoni: nimebandua ratiba ya maji

Mifuko ya turubai ninayooteshea saladi nyumbani inashika vizuri. Ndani kuna chenga za vigae nilizotwanga na kuchekecha, pamoja na mbolea inayojiachia polepole, na mbegu imekaa katikati ya tambi mbili za kunyonya maji. Nimeiga mito, yaani vifuko vya kuoteshea, ya Veggie, bustani ndogo iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2014.

Kinachokula muda ni maji. Huko juu hayashuki. Hujikusanya na kuung'ang'ania mzizi mpaka ukose hewa, kwa hiyo mwanaanga huyasukuma kwa bomba la sindano, mto mmoja baada ya mwingine. Hali hiyo siwezi kuiiga hapa nyumbani, lakini kazi ya mkono naiiga. Ukisukuma haraka, tone linachungulia kwenye mshono karibu na utambi na kuteleza nje, basi unasubiri chenga zinywe kwanza. Kidole gumba kinajua.

Nimesoma tena habari za maua ya zinia ya mwanaanga Scott Kelly, aliyeyatunza huko kituoni. Desemba 2015 majani yalitoa matone, yakajikunja, ukungu ukaingia. Feni zikaongezwa kasi, mimea ikaanza kukauka. Ratiba ya kumwagilia ilikuwa inatoka duniani, kwa watu wasioweza kuligusa jani. Kelly akasema wazi kwamba safari ya Mars ikifika, aliye na mmea ndiye atakayeamua lini unywe. Akapewa mwongozo wa ukurasa mmoja na mamlaka ya kuamua mwenyewe. Januari 2016 maua yakachanua.

Wapo wanaosema mashine itamaliza kazi hii. Bustani kubwa zaidi ya kituoni ina sensa (vifaa vya kupima hali) zaidi ya 180 na inajimwagilia yenyewe, lakini pilipili za mwaka 2021 zilichumwa kwa mikono ya watu. Sensa haijui kuchuma.

Kwa hiyo ratiba ya ukutani nimeibandua. Asubuhi nauinua mfuko, naupima uzito mkononi, naangalia jani la chini, ndipo nashika bomba. Wiki ijayo nasafiri, zamu itakuwa ya mdogo wangu. Nimemwandikia ukurasa mmoja wa mambo ya kuangalia, bila vipimo. Kausoma, kaugeuza nyuma.

"Kaka, mbona hujaandika mililita?"