Dirisha la Wahamiaji Wapya, Pearson

Karatasi yenyewe ya kuhamia Kanada inaitwa Uthibitisho wa Ukaazi wa Kudumu, na kila mmoja wetu alikuwa na yake: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 6. Ukiiona huwezi kuidhania makuu. Ina majina, tarehe na picha ndogo, na chini kuna sehemu ya kusaini ambayo unaonywa usiiguse mpaka usimame mbele ya afisa wa Kanada. Muda wote zilipokaa kabatini kwetu Tanga, mtu yeyote aliyeingia chumbani na kalamu nilimtoa.

Yangu mimi iliandikwa kuwa ndiye mwombaji mkuu. Kanada ina mfumo ulioanza Januari 2015, Express Entry, ambao unahesabu alama kwa umri, elimu, uzoefu wa kazi na mtihani wa lugha. Wanandoa mnaweza kujipima kwa njia mbili, mke akiwa mbele au mume akiwa mbele, kisha mkachagua penye alama nyingi. Tulijipima. Uhasibu wangu na mtihani wangu wa Kiingereza vikatupa alama zaidi, mume wangu akawa ni mtu anayefuatana nami. Yeye alilipokea kwa kicheko na kuanzia hapo akawa ananiita "mkuu". Ukoo haukulipokea kabisa. Baba mkwe alipotuombea dua ya safari alimwombea mwanawe "na familia anayoipeleka", nami nikaitikia amina kama wenzangu.

Kabla ya hapo mzee huyohuyo alikuwa ametoa ushauri ambao wazee wengi wangeutoa: mume atangulie, apate nyumba, aone mazingira, halafu mke na watoto wafuate. Ni ushauri mzuri, ila sheria inaukataa. Anayefuatana hawezi kuingia Kanada kabla ya mwombaji mkuu. Mnaingia pamoja au mkuu anatangulia. Na huwezi kusubiri unavyotaka, kwa sababu muda wa karatasi kwa kawaida hufuata vipimo vya afya, ambavyo vinadumu mwaka mmoja. Kwa hiyo ama niende peke yangu nimwache mume na watoto, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mama mkwe, au twende wote wanne. Tukauza friji na makochi, tukaenda wote wanne.

Safari ya angani sina mengi ya kuisimulia. Tuliondoka Dar es Salaam usiku wa manane mwishoni mwa Oktoba 2024, tukabadilisha ndege Istanbul, kisha tukakaa hewani zaidi ya saa 10 mpaka Toronto. Kwenye kaunta ya Dar, kijana wa tiketi alimwomba mume wangu makaratasi. Mume wangu akaniangalia, nikafungua faili. Akamuuliza mume wangu anwani tutakayofikia. Nikajibu mimi. Akaandika, akamrudishia pasipoti mume wangu.

Istanbul ndipo nilipoiona mifuko ile kwa mara ya kwanza. Mifuko ya plastiki nyeupe yenye herufi za buluu, IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameishika kwa mikono miwili kifuani, kando yake vijana watatu na mtoto mdogo wa kike. Aliyewahi kufanya kazi Kigoma anajua mfuko ule maana yake nini: ni wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu, si walikotoka wala walikokimbilia, na ndani yake kuna kila karatasi inayowahusu. Nilidhani wanakwenda Marekani. Tukapanda nao ndege moja.

Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, Terminali 1, mlango wa kwanza ni wa mashine. Hapo hukutani na mtu. Unaweka pasipoti, mashine inakupiga picha, inauliza umebeba nini, inatoa risiti. Watu wa nyumba moja, hadi watano, mnaweza kutumia mashine moja, na hilo lilitusaidia kwani mdogo wetu alikuwa na usingizi kiasi kwamba baba yake alimwinua kama gunia la nazi ili uso wake uonekane. Kwenye picha iliyotoka wote tunafanana na watu waliokamatwa. Afisa wa kwanza alitazama risiti, akatazama viza kwenye pasipoti, akachora alama kwa kalamu na kutuelekeza kwenye ukumbi wa uhamiaji, pembeni, kabla ya kufika kwenye mizigo.

Kumbuka kwamba sisi tulikuwa tunakwenda Edmonton, kwa shemeji yangu. Lakini uhamiaji unafanyika pale unapoikanyaga nchi kwanza. Ndege yetu ya kuunganisha ilikuwa baada ya saa 5, na hata hizo niliziona chache nilipoufungua mlango wa ukumbi. Wanafunzi wenye barua za vyuo, wafanyakazi wenye mikataba, bibi mmoja wa Kihindi na vidonge vyake, watoto wanalia kwa lugha mbalimbali. Tukachukua nafasi kwenye benchi. Mstari uleule, wametangulia watu wawili tu, ilikaa ile mifuko myeupe.

Binti yangu ndiye aliyeanza. Alimwambia mdogo wake akae vizuri, na yule mama akageuka haraka.

"Munatoka Daresalamu?"

"Tanga, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tunatoka Nyarugusu."

Nyarugusu iko Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipolipuka Kongo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Mama huyu alivuka ziwa mwaka huohuo akiwa msichana, akitokea karibu na Uvira. Watoto wake wote wamezaliwa Kigoma, na mjukuu pia. Kijana wake mkubwa, mrefu, ana sauti ya upole, aliniambia kuwa Dar es Salaam ameiona kwa mara ya kwanza wiki ya safari, kupitia dirisha la basi. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Aliniuliza kama Tanga kuna bahari kweli.

Nikamwambia ipo. Nilitaka kuongeza kitu kingine, sikukipata. Huyu mtoto kazaliwa nchi yangu, kakulia kwenye mvua za nchi yangu, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kasulu kuliko ya Uvira, na hakuna hata siku moja makaratasi yalimwita Mtanzania. Mimi niliyepewa kila kitu na nchi ileile nimekaa naye benchi moja, nimelipia mtihani, nimelipia vipimo, nimelipia dola 575 za Kanada za haki ya ukaazi kwa kila mmoja, mimi na mume wangu, ili nitoke. Wakimbizi wanaohamishiwa Kanada huwa wakaazi wa kudumu siku ileile wanayoingia. Marekani wangesubiri mwaka mmoja ndipo waombe. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri kitu kimoja kutoka dirisha moja. Sijui kama nilichosikia ni aibu. Kilikaa karibu na aibu.

Waliitwa kabla yetu. Afisa, mwanamke mwenye nywele fupi, alianza kwa Kiingereza, mama akatabasamu tu. Nikainuka nusu, tayari kwenda kutafsiri, nikijiona nina msaada. Kijana akamjibu afisa kwa Kifaransa. Shule za Wakongo kambini zinafuata mtaala wa Kongo, nami sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Uso wa afisa ukafunguka. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kanada sawa na Kiingereza, na kuanzia hapo mambo yakaenda mbio: afisa anauliza, kijana anamgeuzia mama yake kwa Kiswahili, mama anajibu, kijana anarudisha kwa Kifaransa. Mama akaweka saini yake taratibu, herufi kwa herufi. Nikaketi tena. Mume wangu akaninong'oneza, "Mkuu, tulia."

Zamu yetu ilipofika alituita afisa mwingine, mwanaume. Swali la kwanza: mwombaji mkuu ni nani kati yenu? Nikasema ni mimi. Akatelezesha kiti chake kidogo, akanielekea mimi, na mume wangu akasogea nyuma na watoto. Basi. Hakushangaa, hakuuliza sababu. Safari nzima, kutoka duani mpaka kaunta ya tiketi, hilo lilihitaji maelezo. Hapa lilikuwa kisanduku kimeshajazwa.

Maswali yenyewe si mengi. Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Umewahi kukataliwa kuingia Kanada au kuamriwa kuondoka? Hali yako ya ndoa imebadilika tangu uombe? Una wategemezi wengine ambao hawamo humu? Hili la mwisho watu hulijibu kwa wepesi na ndilo zito kuliko yote. Mtoto wako au mwenzi wako usipomtaja, naye asipopimwa, wakati wa maombi, mara nyingi utakuwa umejifungia mlango wa kumdhamini baadaye. Nawajua waliomficha mtoto wa nje ya ndoa ili nyumba isichafuke, na leo mtoto yuko kwa bibi na simu ndiyo baba yake.

Fedha aliziulizia pia. Kwa kundi letu la maombi, familia ya watu wanne ilitakiwa kuonyesha zaidi ya dola 27,000 za Kanada, na nilikuwa na barua ya benki iliyokunjwa vizuri, nimeilalia usingizini Istanbul. Aliitazama kwa muda wa kumeza mate. Ukibeba taslimu zinazofikia dola 10,000 unatakiwa kuzitaja. Si kosa kuzibeba, kosa ni kunyamaza.

Kisha anwani, maana kadi za ukaazi wa kudumu zinatumwa kwa posta. Namba za posta za Kanada ni herufi na tarakimu zinazopishana, za Edmonton huanzia na T, na watoto wetu walikuwa wameigeuza ya shemeji kuwa wimbo wa kuruka kamba. Mdogo akaiimba kabla sijafungua kinywa. Afisa akacheka kwa mara ya kwanza, akamwomba arudie polepole. Nikasaini yangu, mume wangu akasaini yake, wazazi tukawasainia watoto. Muhuri. "Karibuni Kanada," akasema, akamwita anayefuata.

Mlango uliobaki ulikuwa wa forodha, na huko ndiko nilikokuwa nimejiandaa kuliko kote. Mhamiaji mpya anaruhusiwa kuingiza vitu vyake bila ushuru, pamoja na vitakavyofuata baadaye, ilimradi viorodheshwe siku ya kuingia mara ya kwanza. Orodha zetu zilikuwa mbili: tulivyobeba na vinavyokuja. Dhahabu ya harusi nilikuwa nimeipiga picha kipande kwa kipande, bangili sita, mkufu, herini za mama yangu, na thamani pembeni. Dada wa forodha alisoma ukurasa wote, akaniuliza bangili ziko wapi, nikavuta mkono wa gauni. Akagonga muhuri.

Kwenye chakula ndipo tulipokaa. Nyama? Hapana. Maziwa? Hapana. Mimea, mbegu, udongo? Hapana, kwa jitihada: mama mkwe alikuwa amefunga mche wa mchaichai na mizizi yake na udongo wake kwenye mfuko wa unga, nami niliurudisha kwa shemeji mdogo usiku wa kuondoka bila kumwambia mama. Samaki? Ndiyo, dagaa. Akataka kuwaona. Nikafungua begi, harufu ya Kigoma ikatawala ukumbi wa forodha wa Pearson, mume wangu akatazama dari. Samaki wakavu wanaruhusiwa. Aliinua mmoja kwa vidole viwili, akauliza kama wanaliwa na kichwa. Nikamwambia kichwa ndicho kitamu. Visheti hakuvigusa.

Mizigo ya kwenda Edmonton tuliikabidhi upya kwenye mkanda wa ndege za kuunganisha. Kule mbele, mlangoni, yule mama wa Nyarugusu alikuwa amesimama na watu wa mapokezi, wanampimia koti la baridi. Alinipungia mkono. "Aksanti, mama," akasema, ingawa hakukuwa na lolote nililomfanyia. Wao walikuwa wanabaki Ontario. Nilimpa kijana namba yangu, akaiandika kwenye kiganja kwa kuwa simu yake haikuwa na laini bado.

Kadi zilifika kwa posta mwezi uliofuata, bahasha moja moja. Ya mdogo ilitangulia, ikafuata ya dada yake, kisha ya mume wangu, ambaye kwa siku kadhaa alikuja nayo mezani akiniuliza, mimi nisiye na kadi, niko nchini kwa ruhusa ya nani. Ya mwombaji mkuu ilikuja ya mwisho.