Nilivyokwenda Burundi na Kurudi Siku Hiyohiyo Bila Pasipoti

Nikiwa likizoni Kigoma nilitamani kufika Nyanza-Lac, Burundi, na kurudi siku hiyohiyo, lakini pasipoti nilikuwa nimeiacha Dar es Salaam. Siku mbili kabla nilikwenda Uhamiaji na kitambulisho cha taifa pamoja na picha, nikaomba hati ya dharura ya safari, nikaipata. Viza Mtanzania haihitaji, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano sikuiacha. Nilivukia mpakani Manyovu asubuhi. Kilichobaki, na ndicho kilichonitia hofu zaidi, kilikuwa majira: Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa tisa alasiri ya kule ni saa kumi ya Kigoma. Saa yangu ya mkononi sikuibadilisha, nikaondoka Nyanza-Lac mapema ili nisichelewe mpakani, nikalala Kigoma.