"De no llegar": masharti ya Kihispania yaliyonitoa jasho

Barua pepe ilitoka kwa wakala wa safari wa Madrid, siku mbili kabla wageni wake hawajatua Kilimanjaro: "De no llegar el vuelo a tiempo, los clientes dormirán en Nairobi." Nilikuwa na miaka minne nikiongoza Wahispania kutoka Arusha, na lugha yao niliiokota garini, kwa kusikia. "De" kwangu ilikuwa "ya" au "kutoka", na "no llegar" ni kutofika. Nikaelewa kwamba ndege haitafika kwa wakati, basi wageni watalala Nairobi. Nikamwambia dereva asiende uwanjani.

Ndege ilitua saa yake. Nilipofika, familia ya watu watano ilikuwa imekaa nje na mabegi zaidi ya saa nzima, mtoto mdogo amelala juu ya begi la mama yake. Picha ile bado inaniuma.

Baba wa familia ndiye aliyenieleza kwa upole njiani. Barua ilisema "isipofika". Katika Kihispania, hasa cha barua rasmi na mikataba, "de" ikifuatwa na kitenzijina, yaani kitenzi kisichotaja mtu kama "llegar" (kufika), husimama badala ya "si", yaani "ikiwa".

Kuelezwa ni jambo moja, kuzoea ni jingine. Kilichonisaidia ni daftari: sentensi ya Kihispania juu, Kiswahili chake chini.

"De no recibir el pago, cancelaremos la reserva": tusipopokea malipo, tutaifuta nafasi iliyowekwa.
"De tener más días, iríamos a Zanzíbar": tungekuwa na siku zaidi, tungekwenda Zanzibar.
"De haberlo sabido, habría venido antes": ningalijua, ningalikuja mapema.

Hapo ndipo nilipoona tatizo langu. Sisi tumezoea kitenzi kibebe kila kitu: "ningalijua" ina mtu, ina wakati, ina sharti. Kitenzijina chao hakitaji mtu, na peke yake "recibir" au "tener" haisemi kama ni -sipo- au -nge-. Jibu liko nusu ya pili ya sentensi. Nikikuta "cancelaremos" najua ni -ki- au -sipo-. Nikikuta "iríamos" ni -nge-. "Haber" pamoja na "sabido" ndiyo -ngali-, ile ambayo mitaani tumeiacha na kusema "ningejua" kwa kila jambo. Ilibidi niirudie kama nilivyofundishwa shuleni. Mtendaji akiwa mwingine, hutajwa baada ya kitenzi, kama "el vuelo" katika barua ile.

"Lo", yaani "hilo", nayo ilinisumbua wiki kadhaa. Katika "si lo hubiera sabido" inatangulia, lakini baada ya "de" hugandishwa nyuma ya kitenzi: "haberlo".

Tena si kila "si" inabadilishwa. Nikisimulia mazoea ya zamani, "si llovía, nos quedábamos en el campamento", kila mvua iliponyesha tulibaki kambini, "de llover" haikai.

Siku hizi barua zangu kwa mawakala humalizika hivi: "De haber algún cambio, les avisaremos de inmediato." "Haber" hii haina kitenzi kingine nyuma yake, ni kuwepo tu. Chini yake, kwenye daftari, nimeandika: kukiwa na mabadiliko yoyote, tutawaarifu mara moja.