Siku ya draya iliyogoma Sinza

Saa 1:15 asubuhi. Simu inaita chai ikiwa bado ya moto. Ni dada mwenye dobi Sinza. "Fundi, draya imekufa. Nina mashuka ya gesti na kanzu za watu wa harusi, na kwa mvua hii kamba haikaushi kitu." Namuuliza: ukibonyeza, inanguruma au kimya? Kimya kabisa. Nafurahi. Ingekuwa inanguruma bila kuzunguka ningeanza kuwaza mota. Ikiwa kimya, umeme umekatika njiani mahali.

Saa 3. Nafika nimelowa. Kumbe jana alipita fundi mwingine, akasema mota imeungua, inataka kusukwa upya, laki na nusu. Sisemi kitu. Soketi inasoma volti 228, safi. Nachomoa plagi. Swichi ya mlango inalia "ta" ukiigusa, ila mlio peke yake hautoshi, naipima, nzima. Nyingi hufia hapo, watu wanabamiza milango mno.

Naivuta mashine. Bomba la kutolea hewa limebanwa na ukuta hadi limelala bapa kama ndala kuukuu. Naingiza mkono, natoa manyoya ya nguo yaliyogandamana, ya kijivu, makubwa kama mto wa mtoto. Ndani yake kuna kifungo cha kanzu na sarafu ya mia mbili. Nafungua bamba la nyuma. Jirani na feni kuna kidude cheupe cha waya mbili, kimeandikwa 91, yaani nyuzi joto. Fyuzi ya joto. Mita haisomi kitu. Hewa ilikosa pa kutokea, joto likapanda, fyuzi ikakata, na aina hii ikishakata ndiyo basi.

"Si uunge waya moja kwa moja tu, fundi? Fyuzi utaleta kesho."

Ombi hili silikosi. Nikachukua kipande cha yale manyoya, nikakiwashia kiberiti pale barazani. Kiliondoka fuu! Dada akavuta kanga, akanyamaza.

Saa 5. Jangwani maji yamejaa, boda inazungukia Salenda. Kariakoo, duka la tatu ndilo lenye fyuzi. Elfu kumi na mbili, nauli imeizidi.

Saa 8 mchana. Nafunga fyuzi, nasafisha bomba na feni, naacha nafasi ya kutosha nyuma ya mashine. Nabonyeza. Ngoma inazunguka. Natoka nje kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba mpaka nisikie upepo wa moto. Bila hapo sikunji vifaa.

"Elfu arobaini kwa kidude hiki, kaka?" Tukashushana hadi thelathini na tano. Sarafu ya mia mbili alinipa juu.

Saa 12 jioni. Simu, Mwenge. "Fundi, draya imegoma."

"Inanguruma au kimya?"

"Kimya. Na mteja ana rola kichwani."