Ahadi Isiyoandikwa

Neno la wiki: Mathayo 5:37

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Cecil Rhodes alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1870, akiwa na miaka 17 na afya dhaifu, aliondoka Uingereza kwenda Natal, katika Afrika Kusini ya leo, kulima pamba na kaka yake, kisha akahamia kwenye almasi za Kimberley. Kufikia 1888 kampuni ya De Beers ilikuwa mkononi mwake, na 1890 akawa waziri mkuu wa Koloni la Cape. Utajiri wake wengi wanaujua. Mimi nimekwama kwenye karatasi moja.

Tarehe 30 Oktoba 1888, wajumbe wake watatu, wakiongozwa na Charles Rudd, walimwekea mfalme Lobengula wa Wandebele, katika Zimbabwe ya leo, mkataba. Apewe pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000 na boti ya mvuke ya kuelea Zambezi. Naye atoe madini yote ya nchi yake. Mfalme hakujua kusoma. Aliyemtafsiria ni mmisionari, Charles Helm, ambaye aliandika mwenyewe kwamba wageni waliahidi kwa mdomo kutoleta wazungu zaidi ya kumi kuchimba. Ahadi hiyo haikuingia kwenye karatasi. Kilichoingia ni ruhusa ya kufanya lolote watakaloona linafaa ili wayapate hayo madini.

Lobengula alipong'amua akaukana mkataba, hadi kwa Malkia Victoria. Wapi! Mwaka 1890 msafara wa Rhodes ukaingia, 1893 ikaja vita ya bunduki za Maxim, zile za kumimina risasi mfululizo, na 1895 nchi ikaitwa Rhodesia.

"Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo," anasema Bwana. Pale zilikuwepo ndiyo mbili: ya mdomoni ilikuwa ya watu kumi, ya wino ilikuwa ya nchi nzima. Rhodes simshangai sana. Hata hakuwepo siku ile. Anayeninyima usingizi ni Helm, mtumishi kama sisi. Alizisikia zote mbili, na bado akatia saini kama shahidi.

Alhamisi hii mzee mmoja wa mtaani kwetu, asiyejua kusoma, ameniomba nimsomee mkataba wa kukodisha shamba lake. Mpangaji ni rafiki yangu. Niombeeni.