Siku yangu na kamba ya mita 66

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai naipima kamba upya. Mita 66, kitambaa chekundu kila baada ya mita 10. Mita moja ni miaka milioni moja. Nilianza kuibeba baada ya kuona watoto wakinakili "miaka milioni 66 tangu dinosaria watoweke" daftarini bila hata kuinua macho. Namba kubwa kiasi hicho mtoto lazima aitembee.

Saa 1 asubuhi. Daladala ya Mwambani, hapa Tanga, kamba mapajani.

Saa 2 na nusu. Maji yamekupwa, mchanga umeshikana vizuri. Watoto wa darasa la sita wamekaa duara.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Bibi yangu alianza hivyo hivyo, nami sioni mlango bora wa kuingilia sayansi. Nawaambia hadithi ya leo ni ya kweli, na mwenyewe anaishi humu humu baharini kwetu: samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, mabaki yaliyogeuka mawe, wakaamini alitoweka zama moja na dinosaria. Desemba 1938, huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London akamkuta kwenye lundo la samaki waliovuliwa siku ile.

Tunaitandaza kamba. Mmoja anasimama mwisho wa dinosaria, mwingine anasimama leo. Binadamu wa aina yetu, miaka kama 300,000, anaenea kwenye rula ya sentimita 30. Na kutoka 1938 hadi leo? Unene wa unywele. Wanang'oa nywele zao wenyewe kuhakikisha.

Binti mmoja ananyoosha mkono. "Mwalimu, kama walikwisha, huyo wa 1938 alizaliwa na nani?"

Jibu ninalo mdomoni, nalimeza. Wanabishana wenyewe mpaka mmoja anasema, "Walikuwepo, ila hakuna aliyewaona." Hapo ndipo naeleza kuhusu kina kirefu, mapango wanamojificha mchana, na usiku wanapotoka kuwinda. Kisha tunatambaa mchangani, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kwa sababu mapezi yake hupishana vivyo hivyo.

Saa 5. Mzee mvuvi anasogea, watoto wanamwamkia. Anawaonyesha jarife, wavu ambao tangu 2003 umekuwa ukiwanasa silikanti Tanga. Mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina la silikanti.

"Nyama yake mafuta matupu, hailiki," anasema. "Na yeye hatufuati sisi. Sisi ndio tunaomfuata kwake."

Sikuwa na la kuongeza.

Saa 6. Nakunja kamba. Nilishawatajia kwamba visukuku vya kale kabisa vya ukoo wa silikanti vina miaka kama milioni 400. Yule binti hajasahau: "Mwalimu, hii haijafika. Lete yote."

Saa 10 jioni. Ngamiani, duka la kamba.

"Nipimie mita 334."