Bibi aliyeuliza kama ni yeye

Mwaka 2009 nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Asubuhi moja aliletwa mtoto wa kiume wa miaka 6, taya la kushoto limevimba hadi jicho linasukumwa juu, meno ya nyuma yanacheza. Daktari alichoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akatoa tone, nami nikalitandaza kwenye slaidi na kulipaka rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini seli zilikuwa zimejaa kila upande, zote za ukubwa mmoja, saitoplazimu yake, yaani ute unaozunguka kiini, ya buluu iliyokolea, na ndani ya ile buluu vitundu vidogo vyeupe, vya duara, safi kabisa. Nilimwita mzee wa maabara. Aliangalia akiwa amesimama. "Burkitt," akasema, akaenda mwenyewe wodini, kwa sababu uvimbe huu wa saratani unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huu wa mataya kwa watoto wa Uganda, na baadaye akazunguka kwa gari hadi kusini mwa Afrika akiuliza hospitali moja hadi nyingine. Aligundua kwamba ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, kule kule malaria inakoishi mwaka mzima. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona humo, kile kinachoitwa Epstein-Barr. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kila nikisimulia habari hii nasema wazi: elimu hiyo dunia iliipata kwenye miili ya watoto wa huku kwetu.

Mtoto yule alikuja na bibi yake, mzaa baba. Siku ya pili bibi huyo alisimama kwenye dirisha dogo la kupokelea sampuli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wodini nimeambiwa ugonjwa huu ni wa kirusi, na kirusi chenyewe kinapita kwenye mate. Mjukuu wangu alipokuwa mdogo nilikuwa namtafunia chakula. Niambie ukweli. Ni mimi niliyempa?"

Nilimtazama mzee. "Mweleze," alisema, "ila usimdanganye." Tukakaa kwenye benchi la nje.

Nilimwambia kwamba huenda alikipata kwake, au kwa mama yake, au kwa watoto wenzake waliochangia kikombe. Hakuna anayeweza kujua. Nikamwambia karibu kila mtu mzima anacho, mimi pia, na huku kwetu watoto wengi hukipata kabla ya kufika miaka mitatu. Hilo halikumtosha. Alitaka kujua kinafanya nini huko ndani, na sikuona sababu ya kumficha eti kwa kuwa hakusoma.

Kirusi hiki hujificha ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Seli B haizaliani ovyo. Husubiri kipokezi chake kinase kijidudu, kisha seli T, seli nyingine ya kinga ya mwili, ije iiguse kwenye kipokezi kingine, CD40, kuithibitishia kwamba kazi ipo. Kirusi hupita njia ya mkato. Hutengeneza protini iitwayo LMP1, inayokaa kwenye utando wa seli na kujikusanya yenyewe kwa yenyewe, bila kuguswa na chochote. Mkia wake wa ndani hukamata protini zile zile ambazo CD40 huzikamata, NF-kB, protini inayowasha jeni, inaingia kwenye kiini, na seli inaagizwa iishi na izaliane. Protini ya pili, LMP2A, huiga kipokezi cha kunasa vijidudu: hushika vimeng'enya Lyn na Syk, ikaipa seli ishara ndogo ya kuendelea kuishi, huku ikizima ishara ya kweli ambayo ingeweza kukiamsha kirusi.

Kwa bibi nilisema hivi: ni kama mtu anayesikia hodi mchana kutwa, anaitikia karibu, anapika, anatandika, na mlangoni hakuna mgeni. Alitikisa kichwa taratibu. "Basi hiyo seli inachoshwa bure," akasema.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonishangaza mimi mwenyewe nilipoisoma, na bado inanishangaza. Kwa kawaida, kwenye uvimbe wa Burkitt, LMP1 na LMP2A zimeshanyamaza. Kirusi kinabakiza EBNA1, protini inayokiwezesha kurithiwa seli inapogawanyika, na protini hiyo ni ngumu kwa seli T kuitambua. Kinachousukuma uvimbe ni jeni la MYC, linaloihimiza seli izaliane, lililokatika kutoka kromosomu ya 8 na mara nyingi kuungwa kwenye ya 14, jirani na jeni za kingamwili, mahali ambapo halizimwi tena. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B mno, na katika kuchochewa huko DNA hukatika. Seli yenye MYC ya namna hiyo ingepaswa kujiua. Kirusi huisaidia isife.

"Kwa hiyo bibi," nikamwambia, "chakula ulichomtafunia kilimlisha. Kukatika kule hakukufanywa na mtu."

Alikaa kimya kwa muda, akajifuta uso kwa kanga. Hakuniambia kama ameamini.

Saiklofosfamaidi, dawa ya saratani, ilianza siku ile ile. Kabla ya wiki kwisha jicho lilikuwa limerudi mahali pake na mtoto anatafuna ugali kwa upande wa kulia. Nilipokwenda wodini kuchukua damu, bibi aliniuliza kama kirusi kimetoka. Nikamwambia hakitoki, atabaki nacho kama sisi. Dawa inaua zile seli zilizoharibika.

"Na mdogo wake? Nyumbani wamemtengea huyu kikombe na sahani."

"Hakuna haja, bibi. Hao karibu wote wameshakuwa nacho."

Alimgeukia mkwe wake aliyekuwa amekaa chini pembeni ya kitanda. "Umesikia? Vyombo virudi pamoja." Kisha akaniuliza dawa inayofuata ni lini, maana ilibidi atafute nauli ya baba wa mtoto aje.